Mwenye Jini Ana Wageni, Mteja Hana

Ndugu msomaji, hebu nikuulize suali. Mara ya mwisho ulipokwenda kumtazama mgonjwa, alikuwa anaumwa nini? Bila shaka utanambia presha, au sukari, au kuna mtu alianguka mkarafuu akavunjika mguu. Sisi watu wa visiwani kwa kutazama wagonjwa hatujambo. Mtu akilazwa leo, kesho wodi imejaa: huyu kaja na uji, yule na machungwa, na mwengine mikono mitupu lakini kafika. Asiyekwenda atasemwa.

Sasa suali la pili. Umewahi kwenda kumtazama mtu anayeumwa na unga? Namaanisha kwenda hasa kwao, ukapiga hodi, ukakaa, ukamuuliza mama yake mgonjwa anaendeleaje.

Nauliza kwa sababu kwetu Chokocho wagonjwa wa aina mbili wamelala chini ya paa moja, na nimeona kwa macho yangu namna majirani wale wale walivyoingia kwa mmoja na kumpita mwengine.

Kwa wasiopajua, Chokocho iko kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani. Ndipo watu wanapopanda vyombo kuvuka kwenda Kisiwa Panza. Tunaishi kwa bahari, mwani na karafuu. Ni mahali ambapo ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa umepata dawa.

Mgonjwa wa kwanza ni shangazi yangu. Alianza kuumwa akiwa msichana, kabla mie sijazaliwa. Alisikia sauti, hakulala, alizungumza na watu ambao wengine hawakuwaona. Siku akichafuka, huvunja vyombo na kutoka nje bila ya mtandio. Mtaa mzima ulikubaliana kuwa ana jini. Akasomewa, akafukizwa, akanywa kombe. Lakini ninalotaka ulitazame zaidi ni lile walilofanya majirani. Wanawake walikuja kukaa naye, wakamsuka nywele, wakamletea muhogo na papa. Akimtukana mtu, yule aliyetukanwa hucheka na kusema, "Si yeye huyo, ni aliye kichwani." Kesho yake akiamka mzima, anaalikwa harusini kama kawaida na hakuna anayemkumbusha ya jana. Baada ya miaka mingi ndipo alipofikishwa hospitali. Leo anameza vidonge vyake, kombe lake hajaliacha, na kwenye mwani hashindwi na mtu.

Mgonjwa wa pili ni kaka yangu. Alikwenda Dar es Salaam akiwa na miaka 20, kuuza duka la nguo Kariakoo, kama wanavyofanya vijana wengi wa Kipemba. Huko alianza na kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga. Aliniambia mwenyewe kuwa mwanzo ilikuwa ya kupunguza mawazo, kwa sababu kulikuwa na deni la duka na usingizi hauji. Baada ya miaka minne akarudi nyumbani kakonda, mikono mirefu ya shati wakati wa jua kali. Usiku wa kwanza mama alidhani ni malaria. Jasho linamtoka, matumbo yanamkata, mifupa inauma, anatapika, anaharisha, na hakai mahali pamoja. Ile ndiyo arosto. Mie sikulijua neno hilo mpaka siku ile.

Kisha vitu vikaanza kupotea. Sufuria, simu ya baba, halafu pishi sita za karafuu kavu za jirani yetu. Sitaki kulificha hili, kwa sababu yule jirani ni mtu mzima, kazianika karafuu zile mwenyewe juani, kachuma kwa mkono wake. Ana haki ya kukasirika.

Tokea hapo hodi zikapungua. Watoto waliitwa ndani kaka akipita. Msikitini watu walisogeza viatu vyao akiingia. Mama akaacha kwenda kwenye shughuli. Hakuna aliyemtoa, lakini alichoka kusikia mazungumzo yakikatika anapokaa.

Basi hilo ndilo lililonifanya niandike. Shangazi alivunja vyombo vya watu, tukasema si yeye. Kaka alichukua karafuu za watu, tukasema ni yeye, na ndivyo alivyo.

Nikiwa hapa chuoni nimesoma kidogo juu ya jambo hili, na nimekuta kuwa wema ule aliofanyiwa shangazi umeandikwa na wasomi. Mtafiti Mmarekani, Juli McGruder, alikaa Zanzibar miaka ya 1990 akifuatilia familia zenye watu wanaoumwa skizofrenia, maradhi yanayofanana na ya shangazi yangu. Aliona kuwa imani ya jini na shetani, pamoja na mengine yote, ilikuwa ikimbakisha mgonjwa ndani ya familia. Jini huja na kuondoka. Akiondoka, mtu anarudi kuwa yule yule mtoto wa fulani, na lawama haimbakii yeye. Nyumba inabaki na utulivu.

Utulivu huo si jambo dogo. Huko Uingereza, tokea miaka ya 1950 na 1960, George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa akili waliotoka hospitali. Wale waliorudi kwenye nyumba za kelele, lawama na kukosolewa kila saa walirudiwa na maradhi zaidi kuliko wale waliorudi kwenye nyumba za upole. Shirika la Afya Duniani nalo, katika utafiti wake ulioanza miaka ya 1960, liliwafuatilia wagonjwa wa nchi mbalimbali, na wagonjwa wa Ibadan kule Nigeria na Agra kule India wakaonekana kupata nafuu zaidi kuliko wa nchi tajiri. Wasomi bado wanabishana kwa nini. Lakini mtu aliyekulia Chokocho hawezi kushangaa sana akisikia kuwa kuzungukwa na watu kunasaidia.

Sasa kama tunajua hivyo, na tena tunajua bila ya kusomeshwa, kwa nini wema ule tumewawekea wagonjwa wengine na wengine tumewanyima?

Najua utakavyonijibu, maana nimejibiwa hivyo barazani. "Mwenye jini hakulitaka jini, lakini mteja kalivuta mwenyewe." Hoja ina uzito. Kete ya kwanza kaka aliinunua kwa pesa zake. Lakini kete ya mia si sawa na ya kwanza. Mwili ukishauzoea unga, mtu anautafuta ili asiumwe, na starehe imeshakwisha zamani. Na hata tukisema kayataka, mbona mgonjwa wa kisukari aliyekuwa hakosi halua na soda tunakwenda kumtazama? Hatusimami mlangoni kumhesabia vijiko vya sukari.

Tukija kwenye dini, ambako ndiko wengi wetu tunakokimbilia kupata hukumu, tusome vizuri. Ulevi ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kila aliyekaa chuoni kwa maalim anajua kuwa uharamu wa pombe haukushuka kwa siku moja. Zilitangulia aya za Baqara, zikafuata za Nisaa, mwisho zikaja za Maida. Watu waliachishwa hatua kwa hatua, na aliyewaachisha ni Mola mwenyewe anayejua alivyowaumba. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya kunywa. Aliadhibiwa, ndiyo. Lakini mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Yule mlevi alibaki kuwa mwenzao. Sie tunasogeza viatu.

Na si wateja tu. Hapa hapa chuoni, mwaka jana, mwenzetu mmoja wa dakhalia aliacha kuja darasani. Alikuwa analala mchana kutwa, hali, hasali kwa wakati, simu hapokei. Yalisemwa mengi: kaachwa na mchumba, mvivu, anajidai. La uchungu zaidi lilikuwa lile la wale wenye nia njema waliomwendea wakamwambia imani yake ndogo, angezidisha kusoma Kurani hayo yote yangeondoka. Kuzidisha kusoma ni kheri. Lakini kumwambia mwenye sonona kuwa anaumwa kwa sababu hamjui Mungu ni kumwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Mtu huyo alikwisha kujilaumu kabla hujafika wewe.

Nani ana imani kubwa kuliko Nabii Yaqub (A.S.)? Na tunasoma katika Sura Yusuf kuwa alimlilia mwanawe mpaka macho yakapofuka kwa huzuni. Watu wa kwake walimchoka kwa kumtaja Yusuf, lakini hatukuambiwa popote kuwa huzuni ile ilikuwa upungufu wa imani. Wanavyuoni wa zamani nao hawakuchanganya mambo haya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima cha afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja. Alizungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na akatenganisha huzuni ambayo mtu anaijua sababu yake na ile inayokuja bila ya sababu kujulikana. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Leo sie tuna simu mkononi na tunamwambia mtu "acha mawazo".

Lakini nisije nikaonekana nasifu kila cha kwetu. Kumwachia jini kila kitu kuna hatari zake. Shangazi alipoteza miaka mingi kabla ya kufika kwa daktari, na miaka ile hairudi. Na wazee wanakumbuka mwaka 1995, khofu ya Popobawa ilipoanza Pemba, ikavuka Unguja mpaka Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi, wakikesha na moto. Katika khofu ile, kule Unguja umati ulimpiga mpaka kumuua kijana kutoka bara aliyekuwa na maradhi ya akili na aliyekuja kutafuta matibabu. Walidhani ndiye Popobawa. Kwa hivyo neno "jini" kuna siku limemletea mgonjwa muhogo na papa, na siku nyengine limemletea mawe. Inategemea waliomzunguka wanamjua au hawamjui. Kijana yule wa bara hakuwa na jirani wa kusema "huyu namjua, ni mgonjwa".

Mie nasomea ualimu, na mambo haya nayaona yakianzia skuli. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya msamiati. Waandike maneno yote wanayoyajua ya kumwita mtu ambaye akili yake haiko sawa. Dakika kumi ubao ulijaa: kichaa, chizi, mwehu, punguani, hamnazo, mwendawazimu, waya umekatika, wa Kidongo Chekundu, teja. Nikawaambia, haya, sasa andikeni maneno ya kumwita mtu anayeumwa moyo. Walitazamana. Mmoja akasema, "Mgonjwa wa moyo, mwalimu." Basi. Darasa zima lilikaa kimya na wakaelewa wenyewe, sikuwa na haja ya kuhubiri.

Hilo la skuli lina maana kubwa kuliko tunavyofikiri. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa thuluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 14, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Miaka 14 ni mtoto wa skuli. Yuko mbele ya mwalimu, kwenye dawati la nyuma, kalala juu ya daftari. Linasema pia kuwa kujiua ni moja kati ya sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani, yaani umri wangu na wako wewe unayesoma. Mwalimu ambaye silaha yake ni bakora na barua ya kufukuza atampoteza mtoto huyo. Atakwenda maskani, na maskani kuna watu watakaompokea bila ya kumuuliza chochote. Wauzaji wa unga wanajua kukaribisha kuliko sisi.

Matibabu yapo, jamani. Si kama zamani. Hapa Zanzibar nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba, zilianza Unguja mwaka 2009, na walioziongoza ni watu ambao wenyewe waliwahi kutumia. Mtu anakaa miezi kadhaa, anapita arosto akiwa na wenzake wanaoijua, na kila siku kuna kikao ambacho kila mmoja anasema ukweli wake. Halafu kuna methadoni, dawa ya kunywa inayoziba pengo la unga ili mwili utulie na mtu aweze kufanya kazi. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikaanza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Ndiyo, Kidongo Chekundu ile ile ambayo kwetu ni tusi. Fikiria kijana anayetaka kuacha, anaambiwa dawa iko mahali ambapo jina lake tu watoto wanatukanana nalo. Na kwa kawaida methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Kwa mtu wa mjini ni daladala moja. Kwa mtu wa Chokocho anayeifuata Unguja ni meli, ni kuhama nyumbani, ni kutafuta jamaa Unguja atakayekubali kukaa na teja. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Dawa inatolewa bure, lakini pa kulala hakuna.

Kaka yangu sasa yuko soba kwa mara ya pili. Ya kwanza alimaliza vizuri, akarudi Chokocho kanenepa, anasali jamaa, anavua na mjomba. Miezi mitatu. Kisha taratibu akaanza kukaa peke yake, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kukaa. Jioni barazani akifika, mmoja anakumbuka ana kazi nyumbani, mwengine anaitwa na mkewe. Siku moja akapanda gari ya Chake, na huko akakutana na watu waliofurahi kumuona. Hiyo ndiyo habari yote. Wapo waliosema, "Si mnaona? Hawa hawaachi." Lakini hata shangazi jini lake limemrudia mara ngapi? Kila likirudi tulisema litaondoka, na tulimngoja.

Mwezi ujao anamaliza tena. Mama amenipigia simu na suali lililonikosesha usingizi: awaambie majirani siku anayorudi, au aje usiku kimya kimya?

Nimemwambia awaambie. Na yule jirani wa karafuu aambiwe wa kwanza, kwa sababu baba amekwisha kumlipa pishi zake na wameshikana mikono. Mama aende mlango kwa mlango kama anavyokwenda mtu mwenye mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali: mwanangu alikuwa anaumwa, kapata nafuu, anarudi Ijumaa baada ya sala. Atakayekuja karibu, asiyekuja tusimlaumu.

Na kwenu nyinyi wenzangu wa chuo nina ombi moja lisilohitaji mradi wala mfadhili. Jumuiya yetu ya wanafunzi huchangishana mwenzetu akifiwa, na huchangishana akilazwa kwa ajali. Tuandike na maradhi haya kwenye orodha hiyo hiyo, kwa majina yake: sonona, skizofrenia, uraibu wa unga. Mchango uweze kulipa nauli ya meli ya mgonjwa, au chakula cha wiki mbili kwa anayemhifadhi. Tuweke na zamu ya kwenda kuwatazama, wawili wawili, kama tunavyofanya kwa wagonjwa wengine. Hakuna haja ya kwenda na mawaidha. Mpelekee uji, ukae, umuulize anaendeleaje, na akijibu umsikilize.

Watakaokuwepo Pemba mwezi ujao, kwetu Chokocho si mbali. Ukifika uliza tu nyumba yenye mgonjwa, watakuelekeza.